Tupio la Mama Mkwe

Ka. Ka-ka. Ka.

Kipanya cha kompyuta kilikuwa kinabonyezwa sebuleni, na nje hakujapambazuka.

Mkwe alifungua macho. Hakuwa amelala, alikuwa ameyafumba tu, kama mtoto anayeogopa kuitwa. Tangu jana jioni maneno yale yalikuwa yakimzunguka kichwani kama nzi ndani ya chupa: "Mwanangu, umemtupa mtoto wangu."

Mnakumbuka, wasomaji wangu, tulipoachana. Huyu Mkwe ni karani wa ofisi, mikono yake myepesi na roho yake nzuri, ila mdomo nao haujambo. Kaja kwa wakwe zake na kompyuta mpya, zawadi yake na mumewe ambaye kazi imemweka mji mwingine. Ile ya zamani ilikuwa inakoroma kama trekta. Akajitolea kuwahamishia wazee barua pepe zao, kutoka programu ya zamani hadi programu mpya.

Folda moja baada ya nyingine akaitia alama ya vema: Zilizoingia. Za bima. Za chama cha wastaafu. Za Baba Mkwe za enzi za kazi. Alipofika kwenye Tupio, folda ya barua zilizofutwa, akaiondoa ile alama, akacheka, akasema watu wote wakamsikia:

"Nani anahama nyumba na ndoo ya takataka?"

Mumewe, aliyekuwa kwenye simu, akacheka. Mama Mkwe hakucheka. Baba Mkwe aliacha kutafuna.

Kisha Mkwe akarudi kwenye kompyuta ya zamani akafuta akaunti na kila kilichokuwamo, barua mpya zisije zikagawanyika, nyingine huku, nyingine kule. Ndipo Mama Mkwe alipomwomba, kwa upole, amfungulie Tupio kwenye kompyuta mpya.

Lilikuwa tupu.

Mama akasema lile neno lake, sauti haikupanda hata kidogo, akaingia chumbani akafunga mlango. Chakula chake kilipoa mezani.

Ka. Ka-ka.

Mkwe akajifunga shuka begani, akatoka pole pole. Alikuwa ameshapanga la kusema. Atapiga magoti. Ataomba radhi.

Sebuleni hakukuwa na mtu.

Kompyuta mpya ilikuwa inawaka. Kiti kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, na kandambili za Baba hazikuwapo mahali pake.

"Amekusikia akakimbilia uani," ilisema sauti nyuma yake.

Mkwe aliruka. Mama Mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sweta limefungwa vifungo kombo, mkononi vikombe viwili vya chai.

"Baba? Kwa nini anikimbie mimi?"

"Sijui. Ndiyo kawaida yake kuamka saa hizi akasoma mambo ya wastaafu. Labda kompyuta mpya inamshinda, na hapendi kuonekana ameshindwa. Kunywa chai."

Hebu fikirini. Mtu umemtupia mtoto wake, naye anaamka kukuchemshia chai, tena kaweka sukari kidogo kama unavyopenda. Mkwe alikipokea kikombe.

"Mama, mimi..."

"Kaa kwanza. Ukisimama unanichosha shingo."

Akakaa. Mama naye akakaa, akavuta kiti karibu, akanong'ona.

"Mume wako aliwahi kukwambia ana dada?"

"Aliniambia mara moja tu. Nilipouliza zaidi, akaniambia hapa nyumbani hatajwi."

"Hatajwi. Tulikuwa tunamwita Chiriku, kwa maneno yake mengi. Baba yako ndiye aliyemwita hivyo, akiwa bado anatambaa."

Hapa inabidi niwakumbushe kazi ya Baba Mkwe. Alikuwa mtahini wa madereva. Mji mzima unamwita Mtahini mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumhonga hata kwa soda. Akikwambia umefeli, umefeli.

"Chiriku alitaka leseni," Mama aliendelea. "Akaenda kwa baba yake kama wengine, foleni moja na wengine. Akamfelisha. Akarudi, akamfelisha tena. Mara ya mwisho ilikuwa kurudi nyuma kati ya vigingi. Akagonga kimoja. Uwanja mzima unatazama. Baba yake akamwambia, 'Wewe hata toroli hutaliweza.' Watu wakacheka."

"Eti nini?"

"Toroli, mwanangu. Mbele za watu. Wiki ile ile akaondoka. Baba yako akasema jina lake lisitajwe humu ndani. Nami sikulitaja."

"Lakini alikuandikia."

"Aliniandikia. Siku barua yake ya kwanza ilipoingia, moyo ulitaka kunitoka. Kompyuta moja, anwani moja, baba yako anaisoma kila alfajiri. Nikasema, nimfiche wapi mtoto huyu? Nikaona Tupio. Nikajiuliza, nani anakwenda kupekua taka? Basi kila barua nikishaisoma naitupa. Na majibu yangu nayo natupa. Nikimkumbuka, nafungua Tupio namsoma."

Mkwe aliweka kikombe chini. Uso ulikuwa unamwaka. Ndoo ya takataka! Na yeye alivyocheka!

"Na barua ya jana ndiyo iliyoniua," alisema Mama. "Chiriku siku hizi anaendesha lori. Lile refu, lenye tela. Leo anapita hapa. Amelala kwenye maegesho ya mizani, nje ya mji. Ameandika, 'Mama, ukinijibu kabla jua halijachomoza vizuri, nitaingia nikuone. Usiponijibu, nitajua bado sitakiwi, nitashika barabara ya mchepuko, na sitakusumbua tena.' Nilikuwa nasubiri baba yako atoke nimjibu. Ndipo ulipoingia wewe na kompyuta mpya."

"Mjibu sasa! Nipe anwani yake niandike mimi!"

"Anwani siijui."

"Mama!"

"Sijawahi kuiandika, mwanangu. Mimi nafungua barua yake nabonyeza Jibu, basi, inakwenda yenyewe. Namba ya simu alitaka kunipa nikakataa, baba yako angeiona. Sasa barua hazipo, nibonyeze Jibu juu ya nini?"

Mkwe alinyanyuka kama aliyechomwa. Akaiwasha kompyuta ya zamani. Ikakoroma, ikafunguka. Programu ile ya zamani ilikuwa nyeupe, haina akaunti, haina folda, haina hata herufi. Kazi safi. Kazi yake mwenyewe.

"Je, huko kwenye kampuni ya barua hazijabaki?" aliuliza Mama.

"Hazijabaki." Mkwe hakuweza kumtazama. "Niliona jana jinsi ilivyopangwa. Programu hii ilikuwa inachota barua zote inazileta humu ndani, kule haiachi kitu. Ni kama maji yaliyochotwa yote kwenye pipa yakaletwa jikoni, Mama. Ndoo ilikuwa moja tu, na mimi nimeimwaga."

Dirishani giza lilikuwa limeanza kupauka.

"Ningekuuliza," alisema Mkwe. "Neno moja tu: Mama, humu mna kitu? Ofisini huwa nauliza. Bosi simfutii hata karatasi bila kumwuliza. Hapa nikajifanya najua."

"Na mimi ningesema. Ulipocheka niliona aibu. Nikasema, nitaanzaje kumwambia mkwe kwamba mwanangu anakaa jalalani?"

Mkwe aliupeleka mkono kwenye kipanya aizime ile kompyuta ya zamani. Akasimama hapo hapo. Kitu kilikuwa kimemjia.

"Mama. Programu hii ya zamani, ulipokuwa unaifunga, haikuwa inakuuliza swali?"

"Kila siku. 'Unataka kusafisha Tupio?' Nabonyeza Hapana."

"Na Baba alipokuwa anaifunga?"

Mama aliitazama ile kompyuta ya zamani.

"Itakuwa ilimwuliza na yeye," alisema taratibu.

"Baba yupi? Huyu anayewapangia wageni viatu mlangoni? Anayefuta meza watu bado wanakula? Huyu aulizwe kama anataka kusafisha, aseme hapana?"

Mama alijishika kifua.

"Angebonyeza Ndiyo siku ya kwanza," alisema Mkwe. "Barua za Wifi zisingemaliza hata wiki. Mama, kuna mtu amekuwa akibonyeza Hapana kila alfajiri."

Mnadhani mama wa watu alifurahi? Hata. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alijifunika uso kwa viganja.

"Kwa hiyo muda wote huu nimejificha nyuma ya kioo," alisema. "Nami najiona mjanja."

Mlangoni mtu alikohoa.

Baba Mkwe alikuwa amesimama pale na ndoo ya takataka mkononi, tupu, imeoshwa, inachuruzika maji. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini. Alimtazama mkewe, akaangalia chini. Akamgeukia Mkwe.

"Mkwe, samahani. Najua si wakati wake."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kuna folda yangu moja siioni kwenye hii mashine mpya. Nimeitafuta tangu nimeamka. Ile ya kazini. Inaitwa Waliofaulu."

Mkwe alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Jua linakuja, mama anapoteza mwana, na mzee huyu anaulizia orodha ya madereva wa enzi hizo!

"Baba, kwa heshima zote, hiyo haiwezi kusubiri?"

Mzee aliinamisha kichwa, mara moja tu, kama mtu aliyekuwa anategemea jibu hilo. "Inaweza," alisema. "Haina neno." Akageuka na ndoo yake.

"Mtafutie, mwanangu," alisema Mama, viganja bado viko usoni. "Ameamka mapema kwa ajili yake."

Mnaona? Hata pale, hata kwa mtu aliyemfelisha mwanawe, Mama hakuacha kumwonea huruma aliyeamka mapema. Na kwa huruma hiyo ndogo, hadithi yetu iligeuka.

Mkwe alirudi kwenye kompyuta mpya, anavuta pumzi. "Hazijapotea, Baba. Programu hii inaweka folda za zamani chini ya kimshale hiki kidogo. Usipokibonyeza, unaweza kukaa hapa mpaka jioni."

Akabonyeza. Folda zikateremka moja baada ya nyingine, kama vifaranga wanaotoka chini ya mama yao. Za bima. Za chama cha wastaafu. Waliofeli. Waliofaulu.

"Hii hapa. Umeridhika?"

"Ifungue," alisema Baba.

Mkwe akaifungua kwa haraka, akitarajia majina ya madereva.

Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akasogeza ukurasa chini, ukaenda, ukaenda, hauishi.

*Mama, leo nimevuka mlima na mzigo wa saruji.*

*Mama, nimepata leseni ya malori makubwa!*

*Mama, usilie, nakula vizuri.*

Kila mstari, mwandishi ni yule yule.

"Mama," Mkwe alisema. "Mama, njoo uone. Yupo. Yupo wote."

Mama alikuja kama anayetembea ndani ya maji. Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mstari mmoja, kisha mwingine. Hakulia. Aligeuka akamtazama mumewe.

"Umezisoma."

"Nimezisoma."

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nazinakili kila alfajiri, moja naiacha Tupio ulikoiweka, nyingine naiweka huku kwangu." Ndoo ilikuwa bado mkononi. "Tupio si mahali pa kumweka mtu. Nilijua ipo siku mtu atabonyeza Ndiyo. Nilidhani nitakuwa mimi, kwa macho haya mabovu."

"Na hukuniambia!"

"Ningeanzia wapi? Mimi ndiye niliyekataza jina lake. Halafu nije niseme nini, kwamba nasoma barua za mke wangu kama mwizi?" Alimtazama mkewe. "Ulikuwa unacheka peke yako mbele ya kioo, mchana, ukidhani nimelala. Nikasema, nikimwambia najua, hatacheka tena."

Mkwe alitamani ardhi ipasuke, maana haya ni maneno ya watu wawili na yeye ni wa tatu. Lakini mdomo wake, kama nilivyowaambia, nao haujambo.

"Baba, na kwa nini Waliofaulu?"

Mzee aliangalia kandambili zake.

"Kulikuwa na folda mbili," alisema. "Ile nyingine sikuweza."

Nje jogoo wa jirani aliwika, na Mama akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Jua! Mzee, leo anapita!"

"Nani?"

"Nani mwingine? Yuko mizani na lori lake, anasubiri jibu langu, jua likichomoza anaondoka asirudi tena! Barua imekuja jana mchana, hiyo wewe hukuiwahi!"

Ndoo ilianguka. Mzee alishika ukingo wa meza.

"Jibu, mama watoto," alisema. "Jibu upesi."

Mkwe alimpisha kiti. "Fungua yoyote, Mama. Anwani ni ile ile. Bonyeza Jibu kama siku zote."

Mama alifungua barua, akabonyeza, akaandika kwa vidole viwili: *Njoo nyumbani mwanangu. Nipo.* Kisha akasimama. Hakugeuka nyuma.

"Niandike nipo," aliuliza, "au niandike tupo?"

Baba aliuachia ukingo wa meza, akasogea nyuma ya kiti.

"Tupo," alisema Baba.

Mama akafuta, akaandika. Akabonyeza Tuma.

Kijisanduku kikatokea katikati ya kioo. Nenosiri?

"Hiki nini tena?" alisema Mama. "Sikuwahi kukiona hiki!"

Mkwe alijipiga paji la uso. "Ile programu ya zamani ilikuwa inalikumbuka yenyewe, ndiyo maana hamkuulizwa. Jana hii mpya iliniuliza, nikasema tutamalizia kesho. Na ile ya zamani nimeifuta." Hii ilikuwa aibu ya ngapi sasa? Hakutaka hata kuhesabu. "Nani aliifungua hii akaunti?"

"Baba yako. Zamani, akiwa na..." Mama hakumalizia.

Wote wawili wakamtazama mzee.

"Nalikumbuka," alisema Baba. Akainama kwenye kibodi, akaandika kwa kidole kimoja. Kila herufi aliyobonyeza iligeuka kidoti cheusi. Maandishi mekundu yakatokea: Nenosiri si sahihi.

"Sioni ninachoandika. Ni vidoti vitupu."

"Jaribu tena, Baba. Pole pole."

Akajaribu. Nyekundu tena. Dirishani rangi ya anga ilikuwa imeshakuwa ya chungwa.

"Baba, nitajie niandike mimi. Likikataa tena linaweza kutufungia kabisa."

Mzee alisimama wima. Alikwenda mpaka dirishani, akawapa mgongo. Mkwe aliona mabega ya mtu yule, ambaye mji mzima ulimwogopa, yanapanda na kushuka.

"Chiriku wangu," alisema Baba Mkwe. "Herufi ndogo zote. Hakuna nafasi katikati."

Mama aliweka mkono mdomoni. Tangu siku ya vigingi, jina lile lilikuwa halijatoka kwenye kinywa kile. Lilitoka limekwaruzika, kama mlango wa stoo.

Mkwe aliandika. Kijisanduku kikafumba. Kengele ndogo ikalia: Ujumbe umetumwa.

Sasa kungoja. Mkwe aliomba radhi, safari hii kwa magoti kweli, na Mama akamwinua kabla goti la pili halijafika sakafuni. "Wewe ndiye uliyetufumua, mwanangu. Usingemwaga ile ndoo, tungezeeka tunavizana." Baba alifagia uani. Akafagia tena. Jua likachomoza, likapanda ukutani, likafika kwenye kalenda. Kompyuta kimya, hakuna barua. Mama akaanza kukusanya vikombe, taratibu, kama mtu wa msibani.

Ndipo vikombe vyenyewe vilipoanza kutetemeka.

Vioo vya madirisha vikafuata. Kisha honi ikalia, nzito, ndefu, mbwa wa mtaa mzima wakainuka.

"Amenijibu kwa mdomo," alisema Mama, akatoka mbio na kandambili mguu mmoja.

Lori lilikuwa limejaza kichochoro kama soksi iliyojaa mguu. Mlango ukafunguka juu huko, akashuka mwanamke wa mabega mapana, ovaroli la bluu, anacheka na kulia kwa pamoja. Walivyokumbatiana sitasema. Anayejua anajua.

"Karibu nikukose," Mama alisema kifuani kwake. "Wifi yako alikutupa jalalani!"

"Ndiye huyu?" Chiriku alimtazama Mkwe, ambaye alikuwa anatafuta pa kuuficha uso. "Wifi, hata salamu bado, umeshanitupa?"

"Nisamehe, Wifi. Sikujua kama ni wewe uliyekuwamo."

"Usijali kabisa. Nimeshatupwa na wakubwa kuliko wewe."

Nyuma ya mlango Baba alisikia. Alikuwa amesimama hapo na ufagio, hatoki, harudi.

"Yupo?" Chiriku aliuliza, sauti imeshuka.

"Yupo. Tumeandika tupo."

"Niliona. Niliisoma mara nyingi nikidhani umekosea." Aliuangalia mlango. Ulikuwa umefungwa. "Basi. Mzigo wangu unangojwa, Mama, na nimeziba njia ya watu. Nimekuona, inatosha."

Kweli honi zilikuwa zimeanza. Jirani mwenye pikipiki alikuwa anapiga kelele kwamba huyu dereva katoka wapi, na kichochoro hiki hakina pa kugeuzia, atatoka vipi?

Atatoka kwa kurudi nyuma. Njia nzima. Kati ya kuta mbili.

Chiriku alipanda, akawasha. Na mlango wa nyumba ukafunguka.

Mtahini alitoka. Hakumtazama mtu. Alilizunguka lori kama alivyozunguka magari maisha yake yote: akagonga tairi kwa mguu, akafuta vumbi kwenye taa kwa mkono wa shati. Mtaa ukanyamaza. Wengine walikuwapo uwanjani siku ile ya toroli, na walijua wanatazama nini.

Akaenda nyuma kabisa ya tela, Chiriku akimwona kwenye kioo cha pembeni. Akainua mkono.

"Njoo!" alipaza sauti. "Njoo, njoo, njoo. Kulia kidogo. Njoo!"

Lori lilirudi, kubwa, taratibu, kama mtu anayevua viatu mlangoni asiwaamshe wenyewe. Halikugusa ukuta. Halikugusa hata ndoo ya maua ya jirani. Lilipofika barabarani, pumzi ya breki ikatoka, na yule wa pikipiki mwenyewe akapiga makofi.

Baba alisogea mpaka chini ya dirisha la dereva. Alikuwa amejiandaa kusema neno. Mkwe, aliyesimama karibu, aliliona limefika mpaka kwenye midomo yake, lile neno la kwenye folda. Halikutoka. Machozi yalilitangulia.

"Baba," alisema Chiriku kutoka juu, naye amebana usukani kwa mikono yote miwili. "Sikuja kuchukua leseni."

"Najua. Ningekuwa na haki gani ya kukupa?" Alijifuta kwa kiganja. "Kile kigingi... nilikisogeza mimi. Asubuhi ile, kabla hujafika. Nilikuwa naogopa wataniambia nampendelea mwanangu."

Mama alitoa sauti ndogo. Hata barua zote zile hazikuwa na hilo.

Chiriku alitazama mbele, injini inanguruma. Kisha, nyuma ya kiti chake, kwenye kile kitanda cha madereva, pazia likatikisika. Miguu miwili midogo ikaning'inia nje, imevaa soksi za njano, kisigino kimoja kimetoboka. Sauti ya usingizi ikauliza, "Mama, tumefika?"

Mzee aliiangalia ile miguu. Alimwangalia binti yake.

"Hili halikuwamo kwenye barua hata moja," alisema.

"Halikuwamo," alijibu Chiriku, na sasa aibu ilikuwa imehamia kwake. Akaingiza gia, asionekane uso.

Baba Mkwe alishika ngazi ya lori kwa mikono miwili, kama anayeweza kulizuia.

"Pita tena," alisema. "Wakati wowote, hata alfajiri, mimi huwa macho. Na huyo mwenye soksi usimfiche garini. Mwanangu, pita tena."